Huo mstari wa kwenye ukucha

Rafiki yangu Zuhura,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Umeniuliza habari za mwanga ninaopigwa kwa ajili ya soriasisi, huu ugonjwa wangu wa ngozi kuota magamba, halafu mwishoni kabisa, kama jambo dogo tu, ukagusia mstari mweusi uliojitokeza kwenye ukucha wa dole gumba la mguu, na kwamba unazidi kupanuka. Huo mstari umeninyima usingizi.

Mwanga nitakueleza kwa ufupi. Naingia kwenye kijichumba mfano wa kabati la nguo, kuta zake zote ni taa ndefu. Nabaki na chupi na miwani myeusi. Siku ya kwanza ziliwaka sekunde chache tu zikazimika, na kila ninaporudi wanaongeza kidogo, maana ukizidishiwa unaungua. Ni miale ya urujuanimno ya nanometa 311 hivi; inatuliza kinga ya mwili na kuizuia ngozi isijizalishe kwa pupa. Naenda mara tatu kwa wiki, na hii ni wiki ya tisa. Magamba ya viwiko yamekwisha, ya magotini bado yana ubishi. Kuna dada mwenye vitiligo, ugonjwa wa ngozi kupoteza rangi na kubaki mabaka meupe, tunayekutana naye kwenye foleni; yeye ameambiwa tiba yake itachukua miezi. Juzi alinifunulia shingo: katikati ya weupe rangi imeanza kurudi kwa vitone vidogo, kila kitone kwenye kinyweleo chake. Machozi yalimlenga, na mimi pia.

Sasa sikiliza. Kabla hawajaniwashia taa, daktari alinikagua mwili mzima, kwa sababu aliyewahi kuugua saratani ya ngozi huenda asifae kwa tiba hii. Alishika lenzi yenye taa, akaiweka juu ya kila kidoa cheusi, akitafuta umbo lisilolingana pande zake, kingo zilizochongoka, rangi mchanganyiko, upana unaozidi milimita 6 na, zaidi ya yote, mabadiliko. Kisha akaniambia nivue soksi. Kwa sisi wenye ngozi nyeusi, alisema, melanoma, saratani ya ngozi inayoanzia kwenye chembe za rangi, hupenda kukaa kwenye nyayo, viganja na chini ya kucha. Akanitenganisha vidole vya miguu kimoja kimoja. Melanoma ya Bob Marley ilianzia chini ya ukucha wa mguu. Alifariki mwaka 1981, ana miaka 36.

Sikutishi, Zuhura. Wengi wetu tuna mistari kuchani isiyo na madhara, hasa ikiwa kwenye vidole kadhaa. Wako uko peke yake, umekuja ukubwani, na unapanuka. Tazama kama weusi umevuka ukucha ukaingia kwenye ngozi inayouzunguka. Na wakikwambia ni fangasi bila kupima, usikubali. Mimi kwa hii soriasisi nilipakwa dawa ya fangasi mwaka mzima na hakuna aliyewahi kuniambia nivue shati. Omba daktari wa ngozi. Akiwa na shaka atakata kipande kidogo kipelekwe maabara, kwa ganzi. Melanoma ikikutwa mapema, mara nyingi hukatwa ikaisha.

Futa rangi ya kucha, upige picha leo, rula iwe pembeni, unitumie. Alhamisi sina zamu ya taa. Nitakupitia asubuhi twende wote.

Wako akupendaye,
Rehema