Kiwanda cha bia ambacho hakikupika bia

Swahiba,

Mambo vipi, na mama anaendeleaje, bado anapika mbege yake ya ndizi? Nauliza kwa sababu jumapili nilienda Plymouth, mji wa bandari huku Uingereza, pale Royal William Yard, bohari ya zamani ya chakula na vinywaji vya jeshi la majini, na muda wote nilikuwa nakukumbuka we na kazi yako ya kiwandani.

Iko hivi, zamani kila baharia wa jeshi la majini la Uingereza alikuwa na mgao wake wa bia, galoni nzima kwa siku, karibu lita nne na nusu, na haikuwa anasa, maji yakikaa wiki kadhaa kwenye pipa la mbao yanaoza yananuka, bia ilikuwa imechemshwa halafu ina hopsi, maua machungu ya kutia kwenye bia, ule uchungu kama gome la msesewe analotia mama kwenye mbege, na hopsi ndo zinafanya bia ikae. Kwa hiyo jeshi likawa na viwanda vyake lenyewe, kimoja Gosport jirani na Portsmouth, na meli za Plymouth zikapikiwa Southdown, ng'ambo ya maji. Bia ikiisha safarini wanapewa mvinyo au ramu, ile pombe kali ya miwa.

Sasa 1826 wakaanza kujenga hii Yard, mchoro wa mhandisi John Rennie, yule mwana si baba, wakakata mwamba na kujaza sehemu ya bahari ili chakula na kinywaji cha meli vitoke mahali pamoja. Bekari na kiwanda cha bia vinatazamana, katikati kuna kidimbwi cha bandari, mashua zinaingia mpaka ukutani kupakia. Bekari ilioka zile biskuti ngumu za melini. Kiwanda cha bia, ndugu yangu, hakikupika hata pipa moja! 1831 mgao wa bia ukafutwa, Yard yenyewe ilikuwa bado haijaisha, kwani meli zilishaanza kubeba maji kwenye matangi ya chuma na ramu haili nafasi kama bia. Iliniuma kwelikweli, niligusa yale mawe yalivyochongwa kona kwa kona nikawaza mafundi waliokuwa bado juu ya jukwaa siku habari ilipofika.

Baadaye sehemu yake ikawa machinjio, nyingine ghala la ramu, na ramu nayo ikafutwa 31 Julai 1970. Leo watu wanaishi humo, nimeona nguo zimeanikwa dirishani.

Picha nakutumia. Muulize mama mbege yake ingekaa siku ngapi kwenye pipa, mi nakumbuka siku ya tatu ilikuwa kali hainyweki.

Wako wa siku zote