Barua kwa Neema: hiyo picha ya sebuleni

Mama yangu Neema,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sote wazima, isipokuwa mguu wa mama yako ndio ule ule. Nakuandikia kirefu kwa sababu ukipiga simu unasema "niko poa baba", na mazungumzo yanaishia hapo.

Sebule yako mpya nimeiona. Kuta nyeupe, kochi zuri, hongera sana. Lakini juu ya kochi umetundika mtoto mgonjwa! Mama yako akauliza, "Huyu nani, wa mwenye nyumba?" Nikamweleza kama ulivyonieleza, kwamba ni nakala ya mchoro wa Christian Krohg, mchoraji wa huko Norwei, wa rangi za mafuta, wa mwaka 1880 na 1881, na wenyewe halisi uko Nasjonalmuseet, makumbusho ya taifa, hapo hapo Oslo. Akasema sawa, sasa kwa nini Neema alale naye nyumba moja?

Mimi maisha yangu yote nimetia watu kwenye fremu: maharusi, wahitimu na majoho yao, marehemu, Rais kila akibadilika. Mgonjwa sijawahi kuletewa. Kwetu mtu hutundika anaowajua. Ndiyo maana nakuuliza, na utanijibu: huko una mtu? Sisemi mchumba, hayo mmalizane na mama yako. Nasema mtu ambaye ukikaa kimya siku mbili atakuja kukugongea mlango.

Picha yenyewe siibezi. Nimeikuza kwenye simu ya mdogo wako nikaikagua. Gauni jeupe, mto mweupe nyuma ya kichwa, na kila weupe una rangi yake, mmoja umeegemea kijivu, mwingine krimu. Asiyejua kazi angevuruga vyote vikawa chokaa. Halafu lile waridi mkononi, petali zimemdondokea mapajani, na macho yanakutazama wewe tu, hayapepesi. Naelewa wateja wako unaowapambia nyumba wanapenda nini hapo. Rangi ni chache, zinapatana na kuta zenu na mbao zenu nyepesi, na uso uliotulia hutuliza chumba. Mgeni akiingia anashusha sauti bila kuambiwa. Sawa. Ila mgeni ataondoka, wewe unabaki naye.

Krohg alifiwa na dada yake, Nana, kwa kifua kikuu mwaka 1868. Basi alikuwa na sababu. Hata kijidudu chenyewe kilikuwa hakijajulikana, daktari Mjerumani Robert Koch alikitangaza 1882, na dawa ya kukiua ilichelewa tena miaka sitini na zaidi. Yule alimchora mtoto wa watu akiwa na wake moyoni. Wewe una nani wa kuumwa? Usinifiche.

Ukanichokoza pia kwamba baba yake Krohg alitaka asome sheria. Ndiyo, na akaisoma, akaimaliza, ndipo akashika brashi moja kwa moja. Umesikia? Akaimaliza. Wewe uhasibu uliutupa umebakiza mwaka. Ingawa hizo nyumba unazowapambia watu nimewaonyesha wateja wangu wote, hata waliokuja kuchukua kioo tu. Mama yako anasema mimi ndiye niliyekuambia ukipata njia usigeuke nyuma. Sikumbuki. Kama nilisema, sikusema uache kupiga simu Jumapili.

Desemba huko jua linazama saa tisa alasiri. Saa tisa! Huku watoto hata shule hawajatoka. Utoke kazini gizani, ufungue mlango, na yule amekukodolea macho. Unalala? Unapika, au ni mkate na ile jibini ya kahawia?

Sasa nisikilize kama fundi. Mtoe hapo, mpeleke koridoni, siyo chumbani. Asikae mkabala na dirisha, maana kiangazi jua lenu huchelewa sana kuzama na karatasi itapauka. Sebuleni weka ile nyingine uliyonitumia, Blått interiør, yaani chumba cha bluu, ya mchoraji Harriet Backer, ya 1883. Mwanamke kando ya dirisha, chumba chote bluu, mmea kwenye chungu, ameinamia kazi ya mkono. Naye yuko kimya, ila ana shughuli. Na aliyekaa pale ni mchoraji mwenzake, Asta Nørregaard. Wanorwei wawili ugenini Paris, mmoja amekaa, mwenzake anachora! Watu wataona mwanamke mpweke, kumbe walikuwa wawili humo ndani. Hiyo ndiyo naitaka kwenye ukuta wako.

Nitumie vipimo kwa sentimita, upana kwanza. Nitakukatia fremu ya mninga, kona nyuzi 45, nisiigundishe. Vipande vinne vinaingia begini kwa yeyote anayekuja. Gundi nunua huko, na uvibane usiku kucha, usiwe na haraka yako ile.

Bati la jikoni limeanza kuvuja tena, lakini hela usitume mwezi huu, nunua taa za kutosha. Mdogo wako anataka simu, na mtihani wa kidato cha nne huo hapo, nimekataa, usinizunguke. Na lile sanduku lako la chuma chini ya kitanda, mama yako anataka kuwekea mchele, panya wamezidi. Ufunguo uliuacha wapi?

Baba yako