Barua kwenda Tukuyu

Ella, Sri Lanka

Baba na Mama,

Shikamooni. Mimi ni mzima, na kikohozi kile kimeisha. Najua Gwamaka ameshawaambia kwamba likizo hii sikubaki chuoni Bangalore, India, na najua Mama alishika kichwa. Ada haijaguswa. Nauli niliidunduliza kwa kujipikia chumbani badala ya kula kantini, na huku nalala na kula pale wanapolala na kula wenye mifuko myepesi.

Hiki ni kisiwa, lakini msifikirie Zanzibar. Katikati ni milima, baridi na ukungu, na milima yenyewe imevikwa chai mpaka kileleni. Nuwara Eliya, mji ulio mita 1,868 juu ya usawa wa bahari, nilivaa sweta alilonifumia Bibi mchana kutwa. Sokoni ni karoti, kabichi na viazi, vilevile vinavyoshushwa Uyole.

Habari yenyewe ni treni. Kutoka Kandy mpaka hapa ni mwendo wa saa sita au saba, ikipanda taratibu katikati ya mashamba. Tiketi za viti vyenye namba huisha mapema sana. Mimi nilikata tiketi ya daraja la tatu stesheni asubuhi ileile, kwa hela isiyopishana sana na sahani ya wali kwa mama lishe. Ukiwahi unapata mlangoni, unakaa miguu ikining'inia nje. (Mama apite haraka hapo.) Wachuuzi wanapanda na makapu ya bagia za dengu zenye uduvi juu, za moto, zenye pilipili ya kuliza mtu. Yangu ilifungwa kwenye karatasi ya daftari la mtoto fulani: hesabu za kugawanya, kapata saba kwa kumi.

Karibu na hapa kuna daraja la matao tisa, lililomalizika mwaka 1921 kwa mawe, matofali na saruji, bila nondo wala vyuma. Wageni wanajipanga tangu alfajiri kungoja treni ipite wapige picha. Ni zuri kweli, sibishi. Ila Baba, wewe uliyepita na TAZARA kati ya Mlimba na Makambako, na yale mahandaki na madaraja, ungecheka.

Jambo moja limenikera. Chai ya biashara huku ilianzishwa na Mskoti James Taylor mwaka 1867, na ugonjwa wa kutu ya majani ulipoua kahawa, wakulima wakahamia chai. Wachumaji wengi ni Watamil, ambao babu zao waliletwa na Waingereza kutoka kusini mwa India, na hadi leo wengi wanaishi kwenye safu za vyumba vya kambi vya enzi hizo. Nilisimama kwenye mizani jioni moja. Mama mmoja alishusha mzigo aliokuwa ameutundika kichwani kwa mkanda, karani akasoma kilo, kisha akakata nyingine "za maji na mfuko", na mvua siku hiyo haikunyesha. Mama, ungekuwepo ungemshika shati. Na pembeni mgeni anampiga picha yule mama, anamshukuru, anaenda zake.

Sasa niseme kilichonifanya niandike badala ya kupiga simu. Hapa Ella nalala kwa mama mmoja, chumba cha uani. Mtoto wake alihamia Colombo, chumba kikabaki kitupu, akakipaka chokaa. Kitanda, chandarua, maji ya moto, choo kisafi, basi. Asubuhi anatupa chai na appa, ambazo ni unga wa mchele na tui, kama kitumbua kilichotandazwa kikawa bakuli. Nimekuta Wajerumani wawili na Mfaransa, na hela wanampa yeye mkononi.

Baba, vyumba viwili vya uani alivyokuwa akikaa kaka Ambakisye vimejaa magunia. Mlima wao mtakatifu, Sri Pada, ambao watu wanaupanda usiku kucha kwa ngazi, una mita 2,243. Rungwe inakaribia 2,960, na tunaiona tukifungua dirisha. Tuna Ziwa Ngozi, na kule mto Kiwira tuna Kijungu na lile daraja la mwamba, Daraja la Mungu. Wenye mabegi mgongoni wanapita hapo barabarani kwenda Kasumulu na Malawi, na wengi hawashuki, kwa sababu hawajui pa kushukia pa bei ndogo.

Sisemi tujenge hoteli. Naomba magunia yahamie stoo, Gwamaka apime vyumba anitumie vipimo, na Baba uulize halmashauri taratibu za kulaza wageni kabla hatujanunua hata godoro. Mama, wewe uamue kama uko tayari kuona sura ngeni uani kwako. Ukikataa, nitaelewa.

Jumanne narudi chuoni. Nimenunua robo kilo ya chai, nitampa rafiki anayerudi Mbeya mwezi ujao. Huku nyingi wanaiviringa, hawaikati kama kiwandani kwetu, kwa hiyo haitoi rangi haraka. Bibi asiimwage akidhani kapunjwa.

Ndaga fijo.

Mwanenu,
Tumpe