Barua kutoka kwenye theluji ya Akita

Yokote, Akita,
Japani.
18 Februari

Mpendwa shoga yangu Mwanaisha,

Salamu nyingi kwako na kwa wote hapo nyumbani. Mimi sijambo, ila baridi ya huku ina makali yake. Nimeshuka kutoka Aomori hadi Akita, mikoa miwili ya kaskazini mwa Japani, kwa treni na mabasi, mji mdogo baada ya mji mdogo, na nina mengi ya kukusimulia.

Uliniuliza mbona theluji ni nyingi upande huu ilhali Tokyo jua linawaka. Upepo wa baridi hutoka Siberia, huvuka Bahari ya Japani ambayo maji yake yana uvuguvugu kuuzidi, ukabeba mvuke. Ukifika kwenye milima hupanda na kuutua mzigo wote. Tokyo iko nyuma ya milima, kwa hiyo hupata upepo uliokwisha kukauka. Sukayu, huko milimani Aomori, Februari 2013 theluji ilifika kina cha sentimita 566. Hapo nyumba isiyo na ghorofa inazama na paa lake.

Mji ulioniteka moyo ni Kuroishi, huko Aomori. Kuna mtaa uitwao Nakamachi, ambako tangu enzi za Edo (karne ya 17 hadi ya 19) wenye nyumba na maduka walitokeza mapaa ya mbao mbele ya milango yao, yakafuatana mtaa mzima, ili mpita njia asikanyage theluji. Wao huyaita komise. Ardhi ile ni ya wenye nyumba wenyewe! Hebu fikiri baraza zetu za Tanga zingeunganishwa mlango kwa mlango, kila mtu apite. Nilitembea pale kwenda na kurudi, na kila hatua nikawashukuru watu nisiowajua.

Katika mji wa Goshogawara, hukohuko Aomori, nilipanda treni yenye jiko la makaa ya mawe ndani ya behewa. Ngisi mkavu huchomwa juu yake, harufu ikajaa hadi kwenye nguo. Nje ni weupe mtupu.

Lakini shoga, kuna jambo linaniuma. Akita zaidi ya theluthi moja ya wakazi wamefikisha miaka 65, vijana wamehamia mijini. Paa lisipopakuliwa theluji huelemewa, na nimeona wazee wamepanda juu na machepe yao, mahali ambapo kuteleza ni kufa. Asubuhi bibi mmoja alisafisha mbele ya kwake, kisha akaendelea hadi mbele ya jirani bila kuombwa. Nilimsaidia kidogo, akanipa figili iliyokaushwa kwa moshi na kuchachushwa. Tamu sana.

Hapa Yokote nimewahi sherehe ya Kamakura. Wanajenga vibanda vya theluji, ndani wanaweka madhabahu ya mungu wao wa maji, na watoto wanakaa humo usiku wakikuita uingie. Wanakukaribisha kinywaji cha moto cha mchele, amazake, na mochi, vikate vya mchele, zilizochomwa. Mgeni hana haja ya kujulikana, anaingia tu na kuketi.

Ukipata likizo, omba ya Februari tuje pamoja. Usihangaike na viatu vya kupendeza. Wenyeji huvaa buti ndefu za mpira, na zinapatikana hukuhuku.

Msalimie mama. Nijibu upesi unieleze harusi ya mdogo wako imepangwa lini.

Wako akupendaye,
Saumu