Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama Chetu, Bangkok

Wazee wetu, akina mama, vijana, ndugu wanachama wote, habari za tangu mkutano uliopita.

Ya kawaida nitayapitia mbiombio, kwa kuwa mweka hazina atayasoma kwa tarakimu zake. Ada zimelipwa vizuri kuliko mwaka juzi, ingawa wapo wanaokumbuka chama siku wanapotaka barua ya utambulisho. Rambirambi zilitosha. Darasa la Kiswahili la watoto linaendelea kila Jumapili, na bado tunatafuta mwalimu wa pili.

Nataka kukaa kidogo kwenye jambo lililoleta maneno: safari ya Septemba ya kutazama maonyesho ya sanaa ya kisasa ya Kithai katika Chuo Kikuu cha Silpakorn. Lawama zilikuwa mbili. Kwanza, kamati ilitumia fedha za sherehe ya kufunga mwaka. Ni kweli, na sahihi ni yangu. Pili, tulikwenda Jumamosi, na kila muuza mawe ya vito anajua Jumamosi ni siku ya soko la vito mjini Chanthaburi. Hilo nalo kweli. Waliokosa wateja nawaomba radhi.

Tulipanda boti pale Sathorn watu 19. Kumi na mmoja tulishuka gati la Tha Chang kama tulivyoagizwa. Wanane waliwafuata watalii wakashuka gati la Tha Tien, wakatembea na mvua hadi Wang Tha Phra, kampasi ya chuo hicho iliyo mkabala na ukuta wa Kasri Kuu. Walifika wameloa chapachapa, na wenyeji wetu waliwapokea kwa taulo na chai ya moto bila kuuliza tiketi wala sababu.

Chuo hicho kilipata hadhi ya chuo kikuu mwaka 1943, na mwasisi wake ni Mwitaliano, mchongaji Corrado Feroci wa Florence, aliyekuja Siam, kama Thailand ilivyoitwa wakati huo, mwaka 1923 kuifanyia kazi serikali. Italia iliposalimu amri vitani, akawa hatarini kukamatwa na Wajapani, ambao majeshi yao yalikuwa hapa. Mwaka 1944 akachukua uraia wa hapa na jina la Silpa Bhirasri. Kila tarehe 15 Septemba, siku aliyozaliwa, wanafunzi humwekea maua kwenye sanamu yake na kumwimbia wimbo wa Napoli. Sisi tuliyakuta maua yameanza kunyauka. Tukaelezwa kwamba aliwahimiza wanafunzi wake waisome michoro ya ukutani katika mahekalu yao, wasidhani sanaa yote hutoka Ulaya. Hapo mzee wetu aliyesoma Makerere akaninong'oneza: "Huyu ndiye Margaret Trowell wao." Mama huyo Mwingereza alianza kufundisha sanaa Makerere miaka ya 1930, na mmoja wa waliopita mikononi mwake ni Sam Ntiro, Mchaga wa Kilimanjaro. Niseme wazi, nusu yetu jina la Ntiro tulilisikia kwa mara ya kwanza siku ile, Bangkok.

Mwanafunzi aliyetutembeza alizungumza Kithai, na binti wa katibu akatutafsiria kwa Kiswahili moja kwa moja. Darasa la Jumapili halikwenda bure. Alitusimulia habari za Montien Boonma, aliyesoma hapohapo. Mkewe aliugua saratani akafariki, na mwaka 1995 Montien akajenga mnara wa masanduku ya chuma yenye dawa za mitishamba, ndani yake yakining'inia mapafu. Mtu anaingia, anasimama, anavuta pumzi. Mwenyewe alikufa mwaka 2000, akiwa na miaka 47. Binti alikwama kutafuta neno, mwisho akasema, "Ni kama kujifukiza." Akina mama waliitikia kwa pamoja, na kuanzia hapo hakuna aliyeuliza tena saa ya kurudi. Tulipoambiwa kuhusu Rirkrit Tiravanija, ambaye miaka ya 1990 aliwapikia watu chakula ndani ya majumba ya sanaa ya New York na kuita huo ndio usanii wake, mpishi wetu wa misiba aliuliza kama malimbikizo yake ya miaka yote yanaweza kudaiwa.

Kazi zilizotundikwa zilikuwa za vijana. Moja ilinakshiwa dhahabu kama ya hekaluni, lakini waliochorwa humo walikuwa waendesha pikipiki wenye vizibao vya rangi ya machungwa, na rangi imeachwa ipasuke. Ndugu yetu anayechoma mawe ya vito ili rangi yake ipendeze alisimama mbele yake muda mrefu, akatoa lenzi yake, mlinzi akamsogelea. "Kwetu ufa ni hasara," akaniambia. "Huyu kauweka makusudi." Alikuwa miongoni mwa waliolalamika kuhusu Jumamosi. Mwezi uliofuata alirudi peke yake, nami nililijua hilo kwa kumkuta.

Wakati wa kuagana, mwalimu mmoja aliona kanga ya Bi. mweka hazina, akataka kujua maandishi yale yanasemaje na nani huyatunga. Maelezo yalichukua nusu saa, kwa mabishano yetu wenyewe. Amesema angependa wanafunzi wake waone kanga nyingi pamoja. Si mwaliko rasmi, na sitaki mtu aanze kushona sare. Lakini aliye na kanga za zamani, za mama au za bibi, amwone katibu kabla ya mwisho wa mwezi, aandike jina lake kwenye kipande cha karatasi na kukibana kwa pini. Zije zimefuliwa. Safari hii tutaomba siku ya Jumatano.