Mafundi tupunguze kusema "imeungua"

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji wa Masasi aliyelalamika humu kwamba ameuziwa kontrol boksi mbili, yaani kompyuta ya injini, ndani ya mwaka mmoja na gari bado linamzimikia njiani. Mimi ni fundi umeme wa magari, gereji yangu iko Chikongola hapa Mtwara mjini. Nakiri mapema kwamba neno lililomtia hasara ndugu huyo hata mimi nimelitumia mara nyingi. Neno lenyewe ni "imeungua". Kwa fundi asiyejua tatizo liko wapi, hakuna neno tamu kama hilo. Mwenye gari hawezi kubishana nalo, maana ndani ya boksi hachungulii, na moshi hata kama haukuwapo ataambiwa ulitoka usiku. Kilichobaki kwake ni kuuliza bei.

Mimi nimeponywa neno hilo na waya.

Ninao waya wa kupimia magari ya Volkswagen na Audi, ule wenye kichwa cha pini 16 upande wa gari na USB upande wa kompyuta. Niliununua Kariakoo kwa shilingi 85,000, na kwa bei hiyo huhitaji kuambiwa kuwa ni wa kunakili. Wa kiwandani ungenila kodi ya gereji ya miezi kadhaa. Muuzaji alinipa sharti moja, tena kwa sauti ya chini kama mganga anayekupa mwiko: usiuweke kwenye intaneti, na ukiulizwa kama unataka kusasisha, kataa.

Mwanzoni mwa Mei 2024 kijana ninayemfundisha kazi akakubali. Simlaumu sana. Maandishi yalikuwa ya Kiingereza na kitufe cha kukubali ndicho kikubwa. Programu ikaanza kuandika upya kumbukumbu ya waya, na kazi ikiwa katikati umeme ukakatika. Laptopu yangu betri yake ilishakufa zamani, inaishi kwa umeme wa ukutani kama mgonjwa wa dripu, ikazima palepale. Umeme uliporudi, waya ulikuwa kimya. Kitaa chake kidogo cha kijani, kilichozoea kuwaka kila ukichomekwa kwenye gari, hakikuwaka tena.

Nikasema neno lile. Unalijua.

Siku za kawaida ningeutupa kwenye ndoo ya vyuma chakavu na kuagiza mwingine. Lakini kimbunga Hidaya ndiyo kwanza kilikuwa kimepita na barabara ya Dar es Salaam imekatika Somanga. Mabasi yalikwama, na waliokuwa na haraka walizunguka Songea na Tunduru. Kifurushi cha Kariakoo kisingenifikia wiki ile. Na uani kwangu palikuwa na Volkswagen Golf ya mama mmoja wa Newala, aliyekwisha kuambiwa na fundi mwingine kwamba kontrol boksi yake imeungua na nyingine, iliyotumika, ni laki sita na nusu. Alikuja kwangu kuomba pungufu.

Kilichonizuia kuutupa waya ni mlio. Kila nilipouchomeka, kompyuta ilitoa ule mlio wake wa kupokea kifaa kipya. Nikajiuliza: kitu kilichoungua kinasalimia vipi?

Nikafungua ganda. Ndani kulikuwa na chipu mbili za maana. Ya kwanza ni FT232, ambayo kazi yake ni kuzungumza na kompyuta kwa USB. Hiyo ndiyo iliyokuwa ikisalimia. Ya pili ni ATmega162, yenye akili ya waya na inayojua lugha ya gari. Hii ndiyo iliyokuwa kimya. Bubu na maiti wote hawajibu, na kazi yangu ilikuwa kujua huyu ni yupi kati ya hao wawili.

Nilikuwa nacho kibao kiitwacho USBasp, kilichobuniwa na Mjerumani Thomas Fischl, ambacho nilikinunua shilingi 15,000 kwa kazi nyingine. Hicho huunganishwa na chipu kwa nyaya sita: umeme, ardhi, mapigo, data ya kuingia, data ya kutoka, na ya kuianzisha upya. Nilizibandika kwa risasi ya kulehemu. Ilinichukua adhuhuri nzima, kwa sababu nimevuka miaka 50 na miguu ya chipu ile ni myembamba kuliko ya sisimizi. Halafu nikaiuliza jina. Kila ATmega162 hutoka kiwandani na namba ileile ya kutambulisha aina yake, 1E 94 04. Ukipata sifuri tupu au namba za ovyo, ama nyaya zako hazijashika ama chipu kweli imekwenda.

Kwenye kioo ikatokea 1E 94 04. Nilipiga kelele mpaka muuza chapati wa jirani akaja kuuliza kuna nini.

Nikaisoma iliyomo. Mwanzo kulikuwa na maandishi ya kueleweka, halafu kutoka mahali fulani ni FF FF FF mpaka mwisho, yaani karatasi tupu. Umeme ulikatika kalamu ikiwa katikati ya ukurasa. Basi. Waya haukuungua, ulipoteza kumbukumbu.

Rafiki yangu fundi wa Lindi anao pacha wa waya ule, tulinunua duka moja siku moja. Akanitumia kwa basi, maana kati ya Lindi na Mtwara njia ilikuwa inapitika. Nikasoma wake. Chipu nyingi za nyaya hizi hufungwa wasiibiane, ukisoma unaambulia takataka, lakini wake haukufungwa. Programu yote ilikuwa kilobaiti 16, pungufu ya picha moja ya WhatsApp. Nikaifuta chipu yangu, nikaandika ile, nikahakiki kwamba kilichoandikwa ndicho kilichosomwa. Nikachomeka kwenye gari, kitaa kikawaka! Nikafungua programu ya kupimia, ikajibu kwamba haioni waya wowote.

Hapo nilikaa kwenye tairi muda mrefu. Kosa nilikuja kuliona usiku, nikiwa nakula ming'oko na watoto, wala sikuwa naliwaza. Chipu hiyo ina kumbukumbu mbili. Mbali na ile kubwa kuna ndogo ya baiti 512, EEPROM, ambamo waya huhifadhi namba zake na mipangilio yake. Nilipofuta chipu nilifuta zote mbili, kisha nikarudisha moja. Nilikuwa nimempa mtu akili bila kitambulisho. Asubuhi nikaandika na zile 512, na waya ukafanya kazi.

Fundi atakayejaribu asiguse fyuzi. Sizungumzii fyuzi za gari, nazungumzia mipangilio ya ndani ya chipu inayoiambia mapigo yake itayapata wapi. Futafuta ya kawaida haizigusi, na ukiziandika vibaya chipu haitakujibu tena kwa kibao kile, hapo ndipo utakapolia. Na kabla ya kuandika chochote, soma kilichopo ukihifadhi, hata kama ni kibovu.

Sasa Golf ya mama wa Newala. Fundi wa kwanza alikuwa amesafisha throto, kilango kinachopitisha hewa kwenda kwenye injini, na aliisafisha vizuri sana, ilikuwa inang'aa. Tangu siku ile gari likiwashwa, injini inanguruma juu, inashuka karibu kuzima, inapanda tena. Ndipo likatolewa lile neno letu. Lakini kontrol boksi ya gari la namna hii hujifunza. Ilikuwa imeizoea throto yenye masizi, ikajua kwamba ili hewa kiasi fulani ipite, kilango kifunguliwe kiasi fulani. Masizi yakaondolewa, hewa inayopita kwa uwazi uleule ikaongezeka, na boksi bado inakumbuka uchafu wa zamani. Dawa yake ni kuifundisha upya. Nikaweka swichi bila kuwasha injini, nikaingia kwenye mipangilio ya msingi, kundi la 060. Throto ikalia zrrr, zrrr, na kwenye kioo ikaandikwa ADP OK, yaani imejifunza. Haikufika hata dakika moja. Injini ikatulia.

Nilimtoza shilingi 40,000, na kusema kweli nilimtoza pia adhuhuri yangu ya risasi. Hakulalamika. Aliuliza swali moja tu, kwa upole wa watu wa Newala: "Sasa mwanangu, ile iliyoungua ni ipi?"

Mhariri, sina nia ya kuwapamba wanaonakili vyombo vya wengine. Waya wangu ni wa wizi, na mwiko wa yule muuzaji ndio ushahidi: chombo halali huogopi kukipeleka kwa aliyekitengeneza. Mwaka 2014 kampuni ya FTDI ya Scotland, wenye chipu hizo za FT232, walitoa dereva, yaani programu ya kuiwezesha kompyuta kuzungumza na kifaa, kupitia masasisho ya Windows, iliyoigeuza namba ya bidhaa ya chipu za bandia kuwa sifuri. Vifaa duniani kote vikazimika kwa watu wasiojua hata kama walinunua bandia, mpaka kampuni ikaiondoa dereva hiyo. Huko nako walio wengi walidhani vimeungua. Wachache waliorudisha namba hiyo, 6001, waliendelea na kazi zao.

Ninachowaomba wenzangu wa gereji ni kwamba kabla ya kulitamka lile neno tuwe tumepima kitu, na tuweze kumwambia mteja tulipima nini. Umeme unaingia? Ardhi ipo? Boksi inajibu ikiitwa kwa mashine, au haijibu? Hapa kwetu pwani nimekutana na plagi zilizoota kutu ya chumvi mara nyingi kuliko boksi zilizoungua. Na wenye magari, boksi ya zamani ni mali yako. Fundi akikufungia mpya, ondoka na ile nyingine. Fundi anayeing'ang'ania ana sababu.

Kijana wangu ameandika USIKUBALI kwa wino mwekundu kwenye karatasi, akaibandika juu ya kioo cha laptopu. Betri bado sijanunua.

Na wewe msomaji wa Masasi, zile boksi zako mbili, kama fundi hajabaki nazo, zifunge vizuri ndani ya mfuko mkavu uje nazo Mtwara pamoja na gari. Ukifika stendi uliza Chikongola, kwa fundi wa waya. Kuziuliza majina sitozi.

Ndimi,
Fundi umeme wa magari,
Chikongola, Mtwara