RISALA YA WAHITIMU WA STASHAHADA YA UTABIBU KWA MGENI RASMI

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mganga Mkuu wa Mkoa wetu wa Tanga,
Mwenyekiti wa Bodi ya Chuo,
Mkuu wa Chuo, wakufunzi na watumishi wote,
Wazazi, walezi na wageni waalikwa,
Wanachuo wenzetu,
Mabibi na mabwana,

Tunawasalimu kwa jina la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha salama siku ya leo. Tunakushukuru na wewe, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa kuuitikia mwaliko wetu ilhali una mkoa mzima wa kuuangalia. Habari za historia ya chuo, idadi ya wahitimu na hali ya mabweni Mkuu wa Chuo atazitoa katika taarifa yake. Sisi tuliomba, na uongozi ukaturidhia, tuseme jambo moja tu: utafiti wa malaria kali kwa watoto uliofanyika ndani ya mkoa huu, na jinsi tunavyotamani utufuate hadi kwenye zahanati tutakazopangiwa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Kwa watafiti wa malaria duniani, Muheza na Korogwe ni majina yanayofahamika sana. Hospitali Teule ya Muheza na ile ya Magunga, Korogwe, zilikuwa miongoni mwa vituo 11 katika nchi 9 za Afrika vilivyolinganisha sindano ya atesuneti na kwinini kwa watoto 5,425 wenye malaria kali. Matokeo yalitoka mwaka 2010. Waliotibiwa kwa kwinini walifariki asilimia 10.9, na waliotibiwa kwa atesuneti asilimia 8.5. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likaelekeza watoto wa Afrika watibiwe kwa atesuneti. Leo tunaichanganya dawa hiyo wodini kama jambo la kawaida, na wengi wetu tuliingia chuoni bila kujua kwamba ushahidi wake ulitokana pia na watoto wa hapa kwetu.

Utafiti wa pili ndio uliotugusa zaidi. Mtoto akifika na homa kali, anahema kwa shida au hajitambui, mikono ya baridi, ukimminya ukucha rangi inachukua sekunde 3 au zaidi kurudi, vitabu vya wakati ule viliagiza apewe maji mengi ya dripu kwa haraka. Hivyo ndivyo ilivyofanywa katika nchi zenye vyumba vya uangalizi maalumu na mashine za kupumulia, na hakuna aliyeuliza kama inafaa mahali pasipo na vitu hivyo. Profesa Kathryn Maitland na wenzake wa Kilifi, Kenya, wakauliza. Waliungana na hospitali nne za Uganda na Hospitali Teule ya Muheza, wakawagawa watoto 3,141 kwa bahati nasibu: wengine walipewa albumini, yaani maji yenye protini ya damu, kwa haraka, wengine maji ya chumvi kwa haraka, na wengine dripu ya polepole ya kawaida.

Januari 2011 utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati wake, kwa sababu jibu lilikuwa limeshaonekana. Ndani ya saa 48, katika makundi yote mawili yaliyopewa maji ya haraka walifariki zaidi ya asilimia 10. Katika kundi la dripu ya polepole walifariki asilimia 7.3. Katika kila watoto 100 waliopewa maji ya haraka, watatu hivi walipotea kwa sababu ya tiba ambayo kila mtu aliamini inaokoa. Uchambuzi uliofuata ulionyesha kwamba wengi hawakufa kwa mapafu kujaa maji kama ilivyohofiwa, bali kwa moyo na mzunguko wa damu kuzidiwa. Hapa tuseme wazi, maana wapo wadogo zetu wa mwaka wa kwanza wanatusikiliza: watoto waliopungukiwa maji kwa kuharisha hawakuwemo katika utafiti ule. Hao bado wanahitaji maji, na wanayahitaji haraka.

Tunawaheshimu sana akina mama waliokubali watoto wao waingie. Mtoto akiwa taabani, mzazi hawezi kukaa kusoma fomu ya ridhaa ya kurasa kadhaa. Kamati za maadili ziliruhusu pale ilipolazimu mzazi aelezwe kwa ufupi, akubali kwa mdomo, tiba ianze, kisha ridhaa ya maandishi ichukuliwe mtoto akishatulia. Kila tunapofungua dripu taratibu kwa mtoto wa homa, tunanufaika na uamuzi wa wazazi wale.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Tulipokuwa mwaka wa pili tuliona somo la seli ni la kuvuka mtihani tu. Wodi ilitubadilisha. Kimelea cha malaria ya falsiparamu kikiingia kwenye chembe nyekundu ya damu hukaa humo saa 48 hivi. Katika nusu ya kwanza chembe hiyo huendelea kuzunguka na damu. Katika nusu ya pili kimelea hupeleka protini zake hadi kwenye utando wa nje wa chembe, nayo ikaota vinundu vinavyonata kwenye kuta za mishipa midogo, ya ubongo ikiwemo. Kwa kunata huko kimelea hukwepa kupita kwenye wengu, ambao ungekichuja. Kwa hiyo tone la damu tunalochukua kidoleni hutuonyesha zaidi vimelea vichanga. Vilivyokomaa vimejibana ndani. Ndiyo maana mtoto aliyepoteza fahamu anaweza kuwa na slaidi yenye vimelea vichache, na tabibu asiyelijua hilo akasema malaria yake ni ndogo. Mwenzetu mmoja wa maabara alituita kwenye darubini tukatazame slaidi ya namna hiyo: vimelea vichanga vyenye umbo la pete, vichache tu, vyembamba, katika uwanja mzima wa chembe safi. Mtoto mwenyewe alikuwa kitandani hajibu akiitwa.

Na huko kwenye seli nako Muheza imo. Watoto waliozaliwa Muheza walifuatiliwa tangu kuzaliwa, na damu yao ikawasaidia watafiti kutambua protini ambayo kimelea huihitaji ili kitoke kwenye chembe kilichokwishaitumia. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014: katika vipindi ambavyo watoto walikuwa na kingamwili dhidi ya protini hiyo, hakuna aliyepata malaria kali. Chanjo ya kutokana na protini hiyo ingali ndoto, lakini njia ya kuitafuta ilianzia kwenye damu ya watoto wetu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Pamoja na hayo yote, mtoto wa malaria kali huanza kufa nyumbani. Katika vijiji vya ukanda wetu degedege bado huhesabiwa na baadhi ya watu kuwa ugonjwa mwingine kabisa, mbali na malaria. Tumewasikia bibi zetu wakisema mtoto wa degedege hachomwi sindano, akichomwa atakufa. Basi hufukizwa kwanza, na hospitali hufikiwa kesho yake. Hatuwalaumu. Waliona watoto wakifikishwa wamechelewa, wakichomwa sindano, wakafa, na wakaunganisha mambo mawili waliyoyaona kwa macho yao. Jibu la hilo ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayeaminika kijijini, na sisi tulio zahanati kumheshimu mhudumu huyo.

Ipo dawa ya kumsaidia: atesuneti inayowekwa kwa njia ya haja kubwa wakati mtoto anakimbizwa kwenye rufaa. Utafiti uliofanyika Tanzania, Ghana na Bangladesh, uliochapishwa mwaka 2009, ulionyesha kwamba kwa watoto waliokaa zaidi ya saa 6 kabla ya kufika kituoni, dawa hiyo ilipunguza vifo na ulemavu wa kudumu kwa nusu. Ilipokuja kugawiwa kwa wingi Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Nigeria na Uganda kati ya mwaka 2018 na 2020, nafuu hiyo haikuonekana. Wapo watoto ambao hawakufika rufaa, na wapo waliofika lakini hawakukamilishiwa matibabu kwa sindano na dawa mseto. Dawa ilikuwa ileile. Kilichokosekana ni bodaboda ya usiku, nauli, na mtu wa zamu mwenye kila kitu mkononi mtoto anapofika.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Kutokana na hayo tunaleta kwako maombi yetu.

Katika mazoezi ya vitendo tumekaa kwenye vituo ambavyo usiku havikuwa na oksijeni wala kipimo cha sukari ya damu, ilhali sukari kushuka huua mtoto wa malaria kali upesi. Tunaomba kila zahanati na kituo cha afya katika mkoa kiwe na kisanduku cha dharura cha watoto, chenye kipimo cha sukari, glukosi, atesuneti na mfuko wa kumsaidia mtoto kupumua, na kikaguliwe kila wiki kwa jina la mtu anayewajibika.

Pili, tunaomba halmashauri ziwatake watafiti wote warudishe matokeo kijijini, kwa Kiswahili, kwenye mkutano wa kijiji, kabla ya kufunga ofisi zao. Mama aliyetoa damu ya mwanawe hana budi kuambiwa imeonyesha nini. Sisi tupo tayari kusimama kwenye mikutano hiyo na kueleza, bila posho.

Ombi la mwisho ni la wadogo zetu wanaobaki chuoni. Kituo cha utafiti cha Amani, kilicho chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, kimo ndani ya mkoa huu. Tunaomba ofisi yako isaidie kila mwaka wanachuo wachache wapokelewe huko kwa mafunzo, maabara na vijijini, ili tabibu wa zahanati ajue kuuliza swali na kutunza rejista ambayo mtafiti ataiamini.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.

Wahitimu wa Stashahada ya Utabibu